Kupima nguvu ya moyo uliotolewa kifuani: mambo ya kushika kabla hujaiamini grafu

Grafu ikipanda, usishangilie bado. Umeingiza dawa yako kwenye mmumunyo, moyo wa panya unaoning'inia kwenye kanula umeanza kudunda kwa nguvu, na mstari kwenye kompyuta umepaa. Huenda umepata ulichokuwa unakitafuta. Huenda pia joto limeshuka nyuzi 2, au presha ya mmumunyo imepanda bila wewe kuona. Huenda dawa haikuugusa msuli kabisa, bali ilitanua mishipa inayolisha moyo, msuli ukashiba na kufanya kazi zaidi. Tena huenda ilikuwa chumvi tu.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu siku hizi, kompyuta inapima hata ukiwa umesinzia. Kazi ni kuzuia kila kitu kingine kinachoweza kuupandisha au kuushusha mstari huo, ili kitakachobaki kiwe ni nguvu ya msuli wenyewe. Tunapotaja nguvu ya kujikaza tunakusudia uwezo alionao msuli kwa asili yake, ukiwa umevutwa kwa kiasi fulani na unadunda kwa kasi fulani. Ndani ya mnyama aliye hai, neva, homoni na damu inayorudi moyoni hubadilisha hayo yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana Oskar Langendorff wa Rostock, Ujerumani, alionyesha mwaka 1895 namna ya kuudumisha moyo wa mamalia nje ya mwili, na mtambo tunaoutumia leo kimsingi ni ule ule wake.

Wazo lake ni hili. Mmumunyo wenye joto na oksijeni unashuka kupitia aota kuelekea moyoni, kinyume cha njia ya kawaida ya damu. Ukifika chini unaisukuma vali ya aota ikajifunga. Hapo haubaki na njia nyingine isipokuwa matundu mawili yaliyo juu kidogo ya vali, yanayopeleka chakula kwenye msuli wa moyo. Unapita msulini, unatokea upande wa kulia wa moyo na kudondoka. Ventrikali ya kushoto inabaki karibu tupu, na humo ndimo tutakamoweka puto la kupimia.

Kabla ya yote, kibali. Kamati ya maadili ya chuo ione mpango wako, ijue idadi ya wanyama na sababu ya idadi hiyo, na anayemlaza mnyama usingizi awe mtu aliyefunzwa na kuruhusiwa. Russell na Burch waliweka mwaka 1959 kanuni ambazo kamati nyingi zinazifuata hadi leo: tumia njia isiyohitaji mnyama pale inapopatikana, punguza idadi, punguza mateso. Kwa mtafiti wa moyo kanuni ya pili ina faida yake hata kando ya maadili, kwani mtambo uliotayarishwa vizuri unaokoa wanyama wengi kuliko hesabu yoyote ya takwimu. Usimguse mnyama mpaka mtambo umezunguka saa nzima bila moyo, joto limetulia na hakuna panapovuja.

Tuanze na mmumunyo, maana makosa mengi yanazaliwa kwenye mizani. Unaotumika zaidi ni wa Krebs na Henseleit, uliochapishwa mwaka 1932. Kwa lita 1 pima kloridi ya sodiamu gramu 6.90, kloridi ya potasiamu 0.35, salfeti ya magnesiamu yenye maji saba 0.30, fosfeti ya potasiamu 0.16, bikaboneti ya sodiamu 2.10 na glukosi 1.98. Kalsiamu iache kando kwanza. Pitisha gesi yenye oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksaidi asilimia 5 mpaka pH ishuke karibu na 7.4, halafu ndipo uongeze kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili, gramu 0.18 kwa lita, yaani kama milimoli 1.25. Ukiitia mapema, kabla gesi haijapita, itashikana na fosfeti na kaboneti na mmumunyo utachafuka rangi ya maziwa. Mmumunyo wa namna hiyo umwage. Hata usipochafuka, uchuje kwa kichujio cha mikroni 5 au chini ya hapo, kwa sababu chembe usizoziona kwa macho zinakwenda kuziba mishipa midogo, na baada ya dakika 40 utaona mtiririko unapungua usijue kwa nini.

Kitabu chako huenda kinasema kalsiamu milimoli 2.5. Hicho ndicho kiasi cha asili cha mmumunyo huo, lakini katika damu sehemu kubwa ya kalsiamu imeshikwa na protini, na iliyo huru ni karibu nusu tu. Kwa milimoli 2.5 moyo wa panya tayari unakaribia kilele cha nguvu zake. Dawa inayoongeza nguvu haitakuwa na pa kuupandisha, nawe utaandika kwamba haifanyi kazi.

Maji yawe yaliyosafishwa, na ujue yanatoka wapi. Sydney Ringer wa London aliliona hili mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mioyo ya chura ilikuwa ikidunda vizuri kwenye mmumunyo wake, kumbe msaidizi wake alikuwa akiutengeneza kwa maji ya bomba. Maji safi yalipotumika, mioyo ikasimama. Kilichopungua kilikuwa kalsiamu iliyokuwa kwenye maji ya bomba ya mji. Ringer alipata ugunduzi kutokana na maji yale. Wewe utapata matokeo yanayobadilika kila mtambo wa kusafisha maji wa chuo unapoharibika.

Gesi nayo ina mambo yake. Mtungi wa mchanganyiko wa 95 kwa 5 haupatikani kila mahali, inabidi uagize mapema. Ukiwa na oksijeni tupu usiitumie na bikaboneti, kwa kuwa pH itapanda. Badili mmumunyo utumie HEPES kudhibiti pH. Hewa ya kawaida haifai kabisa. Mmumunyo hauna chembe nyekundu za damu, kwa hiyo hubeba oksijeni kidogo sana, na msuli hushiba kwa sababu tu oksijeni imejazwa kwa presha kubwa na mtiririko ni wa kasi. Moyo wa panya mmoja hupitisha kama mililita 10 hadi 15 kwa dakika. Piga hesabu ya saa mbili, utaona kwa nini lita 3 si nyingi.

Presha ya mmumunyo unaipata kwa kimo tu. Chupa ikiwa sentimita 109 juu ya moyo unapata milimita 80 za zebaki, na sentimita 82 zinatoa 60. Kati ya hizo mbili panya anakwenda vizuri. Maabara isiyo na pampu itumie chupa ya Mariotte, ambayo mrija wake wa hewa hufanya presha isishuke kadiri chupa inavyopungua. Ni kifaa cha bei ndogo na kinafanya kazi sawasawa na vya gharama, tena umeme ukikatika hakijui. Kwa joto la maji lakini tafuta betri ya akiba.

Sasa moyo wenyewe. Mnyama akiwa katika usingizi mzito, na amepewa heparini ili damu isigande, moyo hutolewa na kuzamishwa papo hapo kwenye mmumunyo baridi wa barafu. Baridi inausimamisha na kupunguza njaa yake ya oksijeni. Kuanzia hapo una dakika chache, na anayejua kazi hamalizi hata moja kabla mmumunyo haujaanza kupita. Mkato wa aota uache shingo ndefu, angalau milimita 5, la sivyo huna pa kufungia uzi.

Kanula ya panya mwenye gramu 250 hadi 300 ina kipenyo cha nje cha milimita 2 hivi au zaidi kidogo, na karibu na ncha ina mfereji wa kuzuia uzi usiteleze. Fungua mmumunyo kidogo udondoke kutoka kwenye kanula kabla hujaleta moyo, pasiwe na hewa hata punje. Shika ukingo wa aota kwa vibanio viwili vyembamba, kimoja kila mkono, uivae aota kwenye kanula kutoka chini kwenda juu. Usivute. Aota ya panya huchanika, na ikichanika mtiririko utakuwa mkubwa kupita kiasi huku moyo unakufa njaa. Bana kwa klipu ndogo, fungua mmumunyo wote, halafu ndipo ufunge uzi, taratibu sasa, kwa sababu moyo tayari unakula. Ndani ya sekunde chache utauona ukitoka rangi ya zambarau, damu ya mwisho inasafishika, unageuka wa waridi na kuanza kudunda.

Tatizo kubwa la wanaoanza ni kuizamisha kanula kupita kiasi. Ncha ikifika kwenye vali inaitoboa, au inaziba yale matundu mawili. Dalili zinatofautiana. Vali ikivuja ventrikali inavimba na mtiririko unapanda. Matundu yakizibwa moyo unabaki na mabaka meupe na mtiririko unakuwa haba. Ukiona mabaka, inua kanula kidogo kabla hujafikiria jambo jingine lolote.

Njia rahisi ya kupima ni kupitisha ndoano ndogo kwenye ncha ya moyo, kuifunga kwa uzi, kuupitisha uzi kwenye kapi na kuunganisha kwenye kihisi cha nguvu, ukiuvuta mwanzo kwa gramu 1 au 2. Kwa kufundishia wanafunzi inatosha. Kwa utafiti siipendelei, kwa sababu moyo unajizungusha unapodunda, na ndoano inapima mvuto wa upande mmoja tu.

Puto ni bora. Madukani yapo ya mpira, lakini wengi hutengeneza yao kwa nailoni nyembamba ya kufungia vyakula, ikifungwa kwa uzi kwenye ncha ya mrija mwembamba na mgumu. Sharti moja lisivunjwe: puto liwe kubwa kidogo kuliko ventrikali, likae ndani likiwa na mikunjo. Likiwa dogo litajitanua, na sehemu ya presha utakayosoma itakuwa ya puto, si ya moyo. Lijaribu nje kwanza. Lijaze maji mpaka kiasi utakachotumia, na presha ibaki sifuri. Ikipanda, tupa utengeneze jingine.

Lijaze maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu maji ya kawaida yana hewa iliyoyeyuka. Povu moja kwenye mrija kati ya puto na kihisi hulainisha mstari, na kinachopotea kwanza ni ule mpando mkali unaouhitaji kuliko vyote. Mrija uwe mfupi. Kata kipande kidogo cha auriko ya kushoto, pitisha puto kwenye vali ya mitrali mpaka ventrikalini, toboa tundu dogo kwenye ncha ya moyo ili maji yanayojipenyeza yasirundikane ndani. Kihisi kihakikiwe kila asubuhi kwa safu ya zebaki au ya maji, na sifuri yake iwekwe usawa wa moyo. Kompyuta isome angalau mara 1,000 kwa sekunde.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Msuli wa moyo ukivutwa zaidi kabla ya kujikaza, hujikaza kwa nguvu zaidi, kama manati: kadiri unavyovuta mpira nyuma ndivyo jiwe linavyokwenda mbali, bila mkono wako kuwa umeongezeka nguvu. Otto Frank alilionyesha hilo kwa moyo wa chura mwaka huo huo wa 1895, na Starling wa London akalithibitisha baadaye kwa moyo wa mbwa. Maana yake ni kwamba mililita 0.02 za maji zikiongezwa kwenye puto, mstari unapanda, na nguvu ya msuli haijabadilika hata chembe.

Kwa hiyo ongeza maji kwenye puto kidogo kidogo, mililita 0.02 kila mara, mpaka presha ya chini, ile inayosomeka moyo ukiwa umelegea, ifike kati ya milimita 5 na 10 za zebaki. Funga bomba. Tangu hapo usiguse tena ujazo huo. Ikiwa presha ya chini itapanda katikati ya jaribio, ujue msuli umekakamaa na haulegei vizuri. Usiishushe kwa kutoa maji, iandike kama tokeo. Ukitaka ushahidi mzito zaidi, pima kwa ujazo kadhaa tofauti kabla ya dawa na baada yake. Dawa iliyoongeza nguvu kweli itaupandisha mchoro wote, kwa kila ujazo. Hiroyuki Suga na Kiichi Sagawa walijenga kipimo kizima juu ya jambo hilo kwa mioyo ya mbwa miaka ya 1970.

Kinachosomwa kwenye grafu ni presha ya juu ukitoa ya chini, na kasi ya mpando, yaani milimita ngapi za zebaki kwa sekunde pale mstari unapopanda kwa ukali zaidi. Moyo wa panya mwenye afya hutoa tofauti ya 80 hadi 120, na kasi ya mpando aghalabu kati ya 2,000 na 4,000. Kasi hiyo inahisi mabadiliko ya nguvu upesi kuliko presha. Kasi ya mshuko nayo usiiache, ndiyo inayoonyesha jinsi msuli unavyolegea.

Mapigo nayo yafungwe. Bowditch aliona Leipzig mwaka 1871 kwamba moyo wa chura ukichochewa kwa kasi zaidi, kila pigo linapata nguvu zaidi. Panya mara nyingi hayuko hivyo: kwa kasi zake za kawaida nguvu haipandi, pengine inashuka. Vyovyote iwavyo, dawa inayobadilisha mapigo itabadilisha nguvu kwa njia ya pembeni. Tumia elektrodi mbili na kichocheo, uweke kasi juu kidogo ya mapigo ya asili, tuseme 320 kwa dakika. Tafuta volti ndogo kabisa inayoushika moyo, kisha izidishe mara moja na nusu. Usiipandishe ovyo, kwani umeme mwingi unafukuza noradrenalini kutoka kwenye ncha za neva zilizobaki msulini, na moyo unapata kichocheo usichokiandika popote.

Joto lipimwe moyoni, si kwenye tangi. Maji ya tangi yakiwa nyuzi 37 huenda yanafika kwenye kanula yakiwa 35. Moyo ukipoa hudunda polepole, na kila pigo linaweza kuonekana na nguvu zaidi. Mwanafunzi anafurahia dawa, kumbe kiyoyozi kimewashwa.

Baada ya puto kukaa, acha moyo utulie dakika 20 hadi 30. Masharti ya kuukataa yaandikwe kabla ya jaribio la kwanza: presha chini ya 70, mapigo yasiyo na mpangilio, mtiririko nje ya kiwango ulichojiwekea. Ukiyaweka baada ya kuona matokeo, unachagua mioyo iliyokuridhisha. Na kwa kuwa kila moyo ulio nje ya mwili unachoka polepole, lazima uwe na mioyo isiyopewa dawa inayopimwa kwa dakika zile zile.

Wengi katika Afrika Mashariki wanaleta kwenye mtambo huu dawa za miti shamba, na nina maneno nao. Maji ya majani au magome yaliyochemshwa yana potasiamu nyingi. Potasiamu ikizidi huudhoofisha moyo na kuusimamisha, na makala nyingi zinazodai mmea fulani hupunguza nguvu ya moyo zingepaswa kwanza kuulizwa swali hilo. Pima potasiamu ya dawa yako, tengeneza mmumunyo wa chumvi wenye kiasi hicho hicho bila mmea, uupitishe kwenye moyo mwingine. Rekebisha pH. Chuja. Kisha ujue moyo unapata kiasi gani hasa: ukiingiza dawa kwa pampu mililita 0.12 kwa dakika kwenye mtiririko wa 12, imechanganyika mara 100. Mtiririko ukishuka hadi 8, dozi imepanda bila wewe kuigusa pampu. Ndiyo sababu mtiririko uandikwe kila dakika, na sababu nyingine ni kwamba mtiririko ukiongezeka wenyewe huongeza nguvu ya msuli, jambo lililoelezwa na Donald Gregg.

Chagua mnyama kulingana na swali. Msunguti, mti ambao Wakamba na Wagiriama walitumia sumu yake kupaka mishale yao, una ouabaini, na kiini cha namna hiyo hiyo kimo kwenye kombe, sumu iliyopunguza mapigo ya John Kirk mswaki wake ulipochafuka katika safari ya Livingstone, kabla hajawa konseli wa Uingereza Zanzibar. Sumu hizi huziba pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye seli, kalsiamu ikarundikana ndani, na nguvu ikapanda kabla ya mapigo kuvurugika. Lakini pampu ya moyo wa panya ni sugu kwazo. Ukiujaribu mmea wa jamii hiyo kwa panya kwa dozi ndogo hutaona kitu, na utaandika kwamba hauna athari. Simbilisi au sungura angekuonyesha tofauti siku hiyo hiyo.

Ukimaliza, osha mtambo kwa maji moto yaliyosafishwa kabla hujaondoka maabara. Glukosi na joto la nyuzi 37 ni karamu ya bakteria, na mirija iliyolala na mmumunyo ndani itakuharibia moyo wa kesho. Mirija laini ibadilishwe mara kwa mara, hasa baada ya dawa zenye mafuta, kwa kuwa hunyonya dawa na kuirudisha kidogo kidogo kwenye moyo usiopaswa kuipata.